GTX 1060 yangu bado inaiendesha Cyberpunk 2077

Wanaosema GTX 1060 imeshakufa, njooni muione kwangu. Ni kadi ya picha ya Nvidia ya 2016, ile ya GB 6. Duka moja Kariakoo waliniambia, "Kaka, hiyo haina lake tena, chukua RTX." Bei waliyotaja ya hiyo RTX, kadi mpya zaidi za Nvidia, ni kodi yangu ya miezi kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mipangilio ya gemu nimeiwekaje. Hilo liliniudhi sana.

Ushauri wa pili, ule wa kila kijiwe: "Shusha skrini hadi 720." Nikashusha, yaani mistari 720 ya pikseli badala ya 1080. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zilipanda kweli, lakini gemu ikawa kama unaitazama kupitia chandarua. Maandishi ya ramani hayasomeki, nyaya za barabarani zinakatikakatika, na adui akiwa mbali ni doa tu. Nilivumilia misheni moja, macho yakauma, nikarudisha 1080.

Dawa yenyewe ni FSR 2 ya AMD, mshindani wa Nvidia: mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza. Ndiyo, ya AMD, na kwenye kadi ya Nvidia inapiga kazi. DLSS, mbinu ya Nvidia ya aina hiyohiyo, ndiyo inayodai RTX, maana inategemea Tensor Core, sehemu maalum za chipu ambazo GTX 1060 haina. Cyberpunk iliipata FSR 2 kwenye toleo la 1.61, mwaka 2022. Ukiweka kiwango chake cha Quality kwenye skrini ya 1080, kadi inachora 1280 kwa 720 tu, chini ya nusu ya pikseli, halafu picha kamili inajengwa kwa taarifa za fremu zilizopita na mwelekeo wa vitu vinavyosogea. Ni 720 ileile iliyoniumiza macho, ila maandishi sasa yanachorwa kwa ukubwa kamili wa skrini, kwa hiyo ramani inasomeka. Nilitoka fremu thelathini na kitu hadi karibu 50!

Kiwango cha Performance kwa 1080 msiichezee: inachora 960 kwa 540, nywele na nyavu za uzio zinametameta. Lakini ni kipimo kizuri ajabu. Fremu zilikuwa zinaporomoka kila nikiingia sokoni penye umati. Nikaiweka Performance, nikasimama palepale, nikakazia macho namba ya fremu kwenye kona. Haikusogea. Basi kadi haina kosa, prosesa ndiyo imezidiwa. Nikashusha Crowd Density, mpangilio wa wingi wa watu kwenye gemu, soko likatulia. Ningenunua RTX, ningekwama sokoni vilevile.

Programu ya Lossless Scaling ya Steam nayo ninayo, haifiki dola 10, na inaongeza fremu za kubuni katikati ya zile halisi. Kama za msingi ni 30, iacheni. Namba itasoma 60, lakini bunduki inachelewa kuitikia, kwa sababu fremu za kubuni hazisikilizi kipanya. Mimi naifungia gemu kwenye 45 kwanza ndipo naiwasha, tena nikiwa naendesha gari tu. Risasi zikianza, naizima.