Salio la mwanachama lilipokwenda hasi

Mwaka 2018 nilikuwa nikihudumia mfumo wa SACCOS moja mjini Morogoro. Mhazini akanifuata na taarifa ya mwanachama iliyochapwa, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja. "Kijana, huyu mama alitoaje hela ambayo hana?"

Salio la mwanzo lilikuwa shilingi 40,000. Mstari uliofuata ulisema ametoa 70,000 tarehe 02/03/2018, salio likawa hasi 30,000. Ndipo ikaja amana ya 50,000, ya tarehe 03/01/2018. Salio la mwisho, 20,000, lilikuwa sahihi. Kilichovurugika ni mfuatano, na programu ilikuwa ikikokotoa salio mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini.

Taarifa ilitoka kwenye majedwali mawili ya MySQL 5.7, programu ya hifadhidata. Majedwali hayo, amana na utoaji, yalisomwa kwa SELECT (amri ya kuchukua data) na kuunganishwa kwa UNION (amri ya kuweka matokeo pamoja), pamoja na SELECT ya salio la mwanzo. Kila SELECT ilikuwa ndani ya mabano na ORDER BY (amri ya kupanga mistari) yake, kisha ikawepo nyingine ya mwisho: ORDER BY siku.

Zile za ndani hazikuwa na kazi. Bila mabano, MySQL inagoma kwa kosa namba 1221. Ukiweka mabano inakubali, lakini ORDER BY ya ndani isiyo na LIMIT (kikomo cha idadi ya mistari) inatupwa kimyakimya, wala huoni onyo. Wapo wanaoilazimisha kwa LIMIT 18446744073709551615. Siipendi kabisa hila hiyo: kila fungu linapangwa peke yake, na bado hakuna kinachohakikisha mfuatano wa matokeo yaliyounganishwa isipokuwa ORDER BY ya mwisho.

Tatizo lenyewe lilikuwa kwenye siku, jina la safuwima iliyotumika kupanga. Ilitokana na DATE_FORMAT(tarehe, '%d/%m/%Y'), inayoandika tarehe kwa mtindo wa siku/mwezi/mwaka, na DATE_FORMAT hurudisha maandishi. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, kwa hiyo 02/03 inatangulia 03/01, Machi kabla ya Januari. Taarifa ya mwezi mmoja haiwezi kuonyesha kasoro hii, kwa sababu ndani ya mwezi tofauti ni namba ya siku tu. Mhazini alikuwa amechapa ya miezi sita.

Ukijaribu ORDER BY amana.tarehe unapata kosa 1250. Upangaji wa mwisho hauyaoni tena majedwali ya asili. Unaziona safuwima za matokeo tu, kwa majina yaliyotolewa na SELECT ya kwanza. Dawa ni kuubeba muungano wote ndani ya FROM, tarehe ibaki tarehe, na kuipamba nje:

SELECT DATE_FORMAT(t.tarehe, '%d/%m/%Y') AS siku, t.maelezo, t.ingia, t.toka
FROM (
SELECT DATE '2018-01-01' AS tarehe, 'Salio la mwanzo' AS maelezo, 40000 AS ingia, 0 AS toka, 0 AS zamu
UNION ALL
SELECT tarehe, 'Amana', kiasi, 0, 1 FROM amana WHERE mwanachama = 412
UNION ALL
SELECT tarehe, 'Kutoa', 0, kiasi, 2 FROM utoaji WHERE mwanachama = 412
) AS t
ORDER BY t.tarehe, t.zamu;

Safuwima ya zamu ni kwa ajili ya siku moja yenye kuweka na kutoa. Bila hiyo MySQL iko huru kutanguliza yoyote. Wengine huacha tarehe ya salio la mwanzo iwe NULL (bila thamani) ili lipande juu. Kwenye MySQL linapanda, lakini PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, huweka NULL mwishoni usipoandika NULLS FIRST, na siku ya kuhamisha mfumo taarifa inageuka miguu juu.

Ile UNION ALL, inayobakiza mistari yote, nayo haikuwa pambo. Wanachama wachache walikuwa na salio la mwisho pungufu kuliko daftari. Mmoja alikuwa na amana 31 na utoaji 9. Ukijumlisha na salio la mwanzo ni mistari 41, lakini taarifa ya zamani ilikuwa na 40. Alikuwa ameweka 20,000 asubuhi na 20,000 jioni ya siku ileile. Kwa kuwa kweri (ombi la data) haikuchukua namba ya stakabadhi, mistari hiyo miwili ilifanana kila kitu, na UNION tupu huondoa mistari inayofanana. Kwa hiyo nililinganisha COUNT(*), yaani hesabu ya mistari, ya kila jedwali na idadi ya mistari ya taarifa, mwanachama kwa mwanachama, ndipo mhazini akaruhusiwa kuchapa upya.