Kamera sita, skeli moja

Siku nilipochapisha kwa mara ya kwanza pande nne za jengo kutoka kwenye modeli ya kompyuta, nilizipanga karatasi mezani na kuona kwamba ukuta wa mashariki umeuzidi ule wa kusini kwa milimita tatu kwenda juu, ilhali jengo lilikuwa moja na paa lake lilikuwa tambarare. Modeli haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeirekebisha kila kamera ya ndani ya programu kwa jicho mpaka picha ikajaa vizuri kwenye kioo, na kwa kufanya hivyo nikaupa kila upande skeli yake, yaani uwiano wake wa vipimo vya karatasi na vya jengo.

Kamera ya kawaida katika programu ya kuunda modeli za pande tatu kama Blender huona kama jicho linavyoona: kilicho mbali huwa kidogo. Kamera ya othografiki (isichanganywe na othografia ya wanaisimu, ambayo ni tahajia) huona kwa mistari sambamba, kwa hiyo dirisha la nyuma kabisa hubaki na ukubwa uleule wa lile la mbele. Ukiisogeza mbele au nyuma, ukubwa wa picha haubadiliki. Kinachouamua ni namba moja tu, upana wa eneo linaloonekana, na namba hiyo hukokotolewa, haikisiwi. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 420, hivyo kwa skeli ya 1:100 inabeba mita 42. Basi naandika 42 kwenye kamera, naweka picha iwe ya pikseli 4961 kwa 3508 ili ichapwe kwa nukta 300 kwa inchi, kisha nainakili kamera hiyo kwa pande zote nne na kwa ile inayotazama kutoka juu. Kila kamera naifunga kwenye fremu yake (picha moja katika mfululizo), na mashine inatoa picha zote kwa mkupuo mmoja kana kwamba ni katuni fupi.

Kamera ya sita, ya isometriki, inayoonyesha pande tatu za jengo kwa pamoja, ndiyo pekee isiyoifuata namba hiyo. Imegeuzwa nyuzi 45 na kuinuliwa nyuzi 54.736 kutoka kutazama chini wima, na kwa mwinamo huo vipimo vya mihimili yote mitatu (urefu, upana na kimo) hupungua hadi takriban 0.816 ya urefu halisi. Anayetaka kuipima picha hiyo kwa rula aandike mita 34.29 badala ya 42, akikubali kwamba karatasi itabeba eneo dogo zaidi.

Ramani ya sakafu ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Niliiamuru kamera ya juu isione chochote kilichozidi mita 1.2 kutoka sakafuni, nikidhani paa limeondoka. Vyumba vikatoka na giza la usiku. Paa lilikuwa limefichwa machoni pa kamera tu, lakini jua liliendelea kuligonga na kivuli chake kikaendelea kuanguka ndani. Isitoshe, kuta zilionekana tupu kama maboksi, kwa sababu ukuta wa modeli ni ganda lisilo na kitu ndani. Siku hizi naikata modeli yenyewe, kwenye nakala, kwa zana inayoziba palipokatwa, mradi kila ukuta uwe umefungwa pande zote, na sehemu iliyokatwa naipaka nyeusi.

Kwa pande nne, jua nalielekeza lishuke kutoka juu kushoto kwa mtazamaji, likifuata mshazari wa mchemraba kutoka pembe hadi pembe, na nalihamisha pamoja na fremu ili kila ukuta ulipate vilevile. Jua la namna hiyo halipo popote duniani, lakini lina faida moja: upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli kinachoshuka sentimita 60 ukutani, yaani milimita sita kwenye karatasi, na fundi mwenye rula huusoma utokezaji huo bila kuuliza picha ya ubavuni iko wapi.