Platipasi, na ule mtego unaomzamisha

Juzi Jumamosi nilikuwa Kibirizi, Kigoma, kwa baba mdogo, nimemkuta chini ya mwembe anashona nyavu, nikamwonesha picha ya platipasi kwenye simu, mnyama wa mito ya Australia (kuna wanaomwita kinyamadege). Akaiangalia weee, akanirudishia simu yangu, akasema huyu wamemuunga, mdomo wa bata na mwili wa fisi maji wapi na wapi.

Nilifurahi sana aisee, maana amesema kile kile walichokisema Waingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita! Ngozi yake ilipofika kwao kutoka Australia, mtaalamu wao George Shaw ndo alimwelezea kwa mara ya kwanza kwa maandishi ya kisayansi mwaka 1799, na humo humo akakiri kwamba ukimwona lazima utahisi kuna mtu amebandika mdomo wa bata kwenye kichwa cha mnyama. Sasa kama msomi wa London alisita, baba mdogo wangu na yeye ana haki ya kusita.

Basi akaacha sindano yake akaanza maswali, na maswali ya mvuvi sio ya mchezo. La kwanza, anaona vipi kwenye maji ya tope? Nikamwambia haoni, akizama anafumba macho na masikio na pua, anabaki na mdomo tu, ule mdomo ni laini una ngozi yenye vipokezi vya umeme kama 40,000 hivi, yaani kamba akitingisha mkia wake huko chini ya mawe misuli inatoa kaumeme kadogo sana na mdomo unakanasa, na anawinda zaidi usiku. Baba mdogo akanyamaza kwanza. Afu akasema sisi tunabeba taa mpaka katikati ya ziwa ndo tupate dagaa, mwenzetu anafumba macho!

La pili likawa la kunyonyesha. Nilimwambia anataga mayai, mara nyingi mawili, kwenye shimo refu analochimba ukingoni mwa mto, jike anayakumbatia kama siku 10, yakipasuka watoto wananyonya. Wananyonyaje na mdomo huo? Hana chuchu, maziwa yanatoka kwenye ngozi ya tumbo yanalowanisha manyoya, watoto wanayapata hapo hapo. Hili la mayai wazungu walibishana nalo miaka mingi mpaka 1884, kijana mmoja mtafiti William Caldwell alipoenda kupiga kambi mto Burnett kule Queensland, na waliomsaidia kuwasaka ni wenyeji wa pale, watu walioishi na mto ule tangu enzi za mababu zao. Mi hilo huwa naliwaza sana nikikaa na wazee wetu, wanajua mambo ya ziwa hili ambayo hakuna aliyewahi kuja kuwauliza.

Na dume ana mwiba wenye sumu kwenye kisigino cha nyuma, hapo baba mdogo hakushangaa kabisa, akasema kama gogogo, yule samaki wa miiba. Ila huyu amezidi, sumu yake inaweza kuua mbwa, binadamu hafi lakini anaumwa siku nyingi na hata dawa kali za maumivu hazimsaidii sana. Na mnyama mwenyewe mdogo tu, hata kilo 3 hafiki.

Sasa nilichoenda kumwambia hasa ni hiki. Kule Australia watu wanatega kamba wa mtoni kwa mtego wa wavu uliofungwa pande zote, ukiingia hutoki, na platipasi anamfuata kamba humo ndani. Pumzi yake ni ya dakika moja, mbili, ikiisha anakufa maji. Na akinasa mmoja haimaanishi wengine hawaingii, mtego mmoja unaweza kuua kadhaa. Jimbo la Victoria likapiga marufuku mitego hiyo mwaka 2019 na New South Wales wakafuata, sasa wanatumia yenye uwazi juu, kamba anabaki chini ila mwenye kuhitaji hewa anapanda anatoka zake.

Mtego peke yake sio unaowamaliza, kuna mabwawa yanayokata mito vipande vipande, kuna ukame, kuna kingo zinazolimwa mpaka majini zikaporomoka na mashimo yao (hapo niliukumbuka mto wetu Luiche). Tangu 2016 wameorodheshwa kwamba wanakaribia kuwa hatarini. Ila mwaka 2023 waliwarudisha kwenye hifadhi ya Royal karibu na Sydney, sehemu ambayo walikuwa hawaonekani tangu miaka ya 70, na mi nilivyosoma hiyo habari machozi yalinilengalenga, sina aibu kusema.

Baba mdogo hakuongea muda. Mi nilijua anawaza nini maana nilikuwepo, nilikuwa darasa la tatu, walivuta wavu asubuhi wakakuta fisi maji amekufa ndani, manyoya bado yanang'aa, na yeye alikaa nao pale mchangani anaufungua taratibu uzi mmoja mmoja kama vile mnyama atasikia maumivu. Roho iliniuma siku ile na bado inaniuma. Fisi maji anavuta hewa kama mimi na wewe, nyavu zetu zinalala chini usiku kucha.

Akainuka akaenda kuchukua mgono wake wa zamani (mtego wa samaki) pembeni ya nyumba, ule anaoenda nao mto Malagarasi, akaukalisha mapajani akawa anapapasa kwa juu, akaniuliza hilo tundu lao la juu lina upana gani, mkono unapita? Nikamwambia ngoja nitafute picha nzuri nimletee Jumamosi.