Madaktari wa ICU, Mungu awazidishie
Baba alilazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa nimonia kali. Wengi tunadhani kule mashine ndiyo inayotibu. Mashine ya kupumulia inampa mgonjwa muda tu. Daktari ndiye anayeamua oksijeni iwe kiasi gani, dawa ya kupandisha presha iongezwe au ipunguzwe, mkojo unatosha au figo zimeanza kuchoka. Asubuhi walimpunguzia dawa ya usingizi waone kama ataweza kupumua mwenyewe. Na yule daktari dada alitoka kutueleza ukweli hata siku za habari mbaya, bila haraka, mama akiuliza swali lilelile tena na tena. Kwangu hiyo nayo ni tiba. Sasa baba yuko wodi ya kawaida, anakunywa uji. Madaktari na manesi, asanteni mno.