Siku tatu nikisubiri mtupo mmoja

Saa kumi na moja alfajiri. Hapa kiungani mwa Phoenix, Arizona, mwezi Julai, ukichelewa kuamka jua linakukuta kitandani. Chai ya rangi, chapati ya jana, stopwochi mbili mfukoni (moja iliwahi kunizimikia uwanjani), naondoka.

Kazi yangu ni kuwapima wadakaji chipukizi wa klabu moja ya besiboli. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, chuma usoni na kinga kifuani, akipokea mipira ya mrushaji. Kila klabu ya ligi kuu ina ngazi za timu za chini za kukuzia vijana, na Wamarekani huuita mfumo huo shamba. Nilipompigia Mama simu Tanga kumwambia nimepata kazi shambani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza nalima nini.

Saa moja asubuhi, mazoezi. Wadakaji sita, goti moja chini, mashine inawarushia mipira. Naangalia viganja. Mpira ukipita ukingoni mwa eneo la straiki, yaani pale unapohesabiwa dhidi ya mpigaji, mdakaji mzuri huupokea bila kutikisika, mwamuzi akauhesabu. Kuna wanaosema ufundi huo umekwisha, kwa kuwa tangu msimu wa 2026 ligi kuu inamruhusu mdakaji, mrushaji au mpigaji kugusa kofia yake na kuomba mashine iamue. Lakini timu inaanza mchezo na nafasi mbili tu za kupinga. Mipira mingine yote bado iko machoni mwa binadamu, kwa hiyo viganja nitaendelea kuviangalia.

Saa nne hadi saa kumi: video. Wali wa kantini. Video. Kwenye kundi la ukoo wamenitumia tena, nadhani mara ya tisa, video ya Dennis Kasumba, yule mdakaji wa Uganda aliyejifua kwa matairi mpaka mwaka 2023 akacheza Frederick, Maryland, kwenye ligi ya vijana wanaosubiri kuchaguliwa na klabu. "Mchukue huyo!" anaandika mjomba. Mjomba anadhani kalamu ya mikataba ninayo mimi.

Saa kumi na mbili jioni mchezo unaanza. Nyuzi 42 kivulini, na kivuli chenyewe cha kugombania. Watazamaji hawafiki ishirini.

Nimemfuata mdakaji namba 72. Ana miaka 18, katoka Venezuela, alisaini akiwa na 16. Kwenye fomu yangu kila kisanduku kimejaa isipokuwa kimoja: muda wa mtupo wake kwenda besi ya pili, kituo cha pili cha wakimbiaji, ndani ya mchezo wa kweli. Mazoezini kila mtu ana mkono. Ni karibu mita 39. Saa inaanza mpira unapogusa glavu yake, inasimama unapogusa glavu ya mwenzake kule. Sekunde 2.0 ndiyo kawaida ya ligi kuu, ukifika 1.9 watu wanageuka kukutazama. Tatizo ni kwamba ili atupe, lazima kwanza mpinzani ajaribu kuiba besi, yaani akimbilie kituo kinachofuata mrushaji akiwa anarusha.

Juzi hakuna aliyethubutu. Jana mmoja alikimbia, mpigaji akaugusa mpira ukatoka nje. Leo, raundi ya pili, mkimbiaji kaondoka, kidole changu kiko tayari, mrushaji akaubamiza mpira mavumbini. Kijana aliuzuia kwa kifua, akabaki hana cha kutupa. Raundi ya nne, mpigaji kapewa besi ya bure, mkimbiaji akajisogelea taratibu kama mtu anayekwenda dukani.

Halafu wakala wa kijana akaja kukaa kiti cha pembeni yangu.

"Moja nukta themanini na tano," akaniambia kwa Kihispania, bila kuulizwa.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Mazoezini."

Kila wakala ana 1.85 yake. Vidole vyao huanza kuhesabu mpira ukiwa umeshaondoka mkononi. Akanieleza habari za baba wa kijana, za babu wa kijana, za mabega ya ukoo mzima. Kihispania changu ni cha kuunga, lakini mabega niliyaelewa. Maji yangu yalikuwa ya moto kama ya kuogea mtoto.

Sijui ilikuwa saa ngapi, raundi ya saba, mkimbiaji akachomoka. Mpira ukatua, kijana akainuka, akatupa. Chini kidogo, ukadunda mara moja, mkimbiaji salama. Stopwochi: 2.03.

"Moja themanini na nane!" akapiga kelele jirani yangu.

Watazamaji wakaguna, na mguno wote ukamwendea kijana. Lakini stopwochi ya pili ilikuwa kwa mrushaji: sekunde 1.6 tangu aanze kujisogeza hadi mpira ufike, wakati 1.3 ndiyo ya kuridhisha. Mkimbiaji anahitaji kama 3.5. Jumlisha mwenyewe. Hata angetupa kwa 1.9, mpira ungefika sawia na mkimbiaji, na bado mwenzake angepaswa kumgusa. Aliibiwa kabla hajaupata mpira, na ubao hauna pa kuandika hilo.

Kijana akaenda kwa mrushaji, dogo wa Texas aliyekuwa anapiga teke udongo. Sidhani Kiingereza chake kinazidi maneno hamsini. Akajigonga kifuani, kama kusema langu hilo, akampa mpira, akarudi kuchuchumaa. Mpigaji aliyefuata alitoka kwa straiki tatu.

Usiku, ripoti. Vipimo vyetu ni 20 hadi 80, 50 ikiwa ya kawaida ligi kuu. Mkono: 45 leo, 55 baadaye. Kupiga: 30, na hapo sikumhurumia. Asipopiga, mkono bado una soko. Kenley Jansen wa Curaçao alikuwa mdakaji asiyepiga kwenye timu za chini za Dodgers, mwaka 2009 wakamgeuza mrushaji, akawa mmoja wa wafunga mchezo, warushaji wa kumalizia mechi, wakubwa wa kizazi chake. Ile ya kujigonga kifuani haina kisanduku. Nimeiandika pembeni, mistari minne, bosi atalalamika.

Saa tano usiku, Tanga saa tatu asubuhi. Mama kapiga.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, shambani umevuna nini leo?"

"Mtupo mmoja, Mama. Na ulichelewa."