Nimepangiwa PCB, na baiolojia nimeshaianza

Jamani, nimepangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha tano! Tangu wiki iliyopita naamka alfajiri, mama hajawasha hata jiko, nasoma saitolojia, yaani elimu ya seli. Kidato cha nne tulichora seli, tukaonyesha kiini na utando, basi. Kumbe utando wenyewe una tabaka mbili za fosfolipidi, molekuli za jamii ya mafuta: vichwa vinavyopenda maji vimekaa pande za nje, mikia inayoyakimbia imejificha katikati. Nimeuchora mara sita kwenye kaunta buku hadi nikaelewa kwa nini oksijeni inapenya yenyewe lakini glukosi inahitaji protini ya kuivusha. Nilifurahi mno, nikamwita mdogo wangu aje aone. Kaka na dada mliopita PCB, nikimaliza utando niende mitokondria au nianze na vimeng'enya?