Kuufukizia Wavu Uvumba

Somo: Habakuki 1:14–17 na 3:17–19

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kitabu cha Habakuki kina sura 3 na aya 56 tu. Unaweza kukimaliza kabla chai yako haijapoa, na wiki hii tunaomba kila nyumba ikisome chote.

Nabii anamlalamikia Mungu juu ya Wakaldayo, taifa linalozoa mataifa mengine kama mvuvi anavyozoa samaki. Anataja ndoana, anataja wavu, anataja juya. Kisha kwenye 1:16 anagusa jambo ambalo mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, haliwezi kumpita hivi hivi: mvuvi huyo, baada ya kupata, anautolea wavu wake dhabihu na kulifukizia juya lake uvumba, kwa kuwa ndivyo vilivyomnenepesha.

Tazameni vizuri. Samaki wamepatikana kweli, na chakula kimejaa. Hata shukrani ipo, tena ya gharama, maana uvumba haukuwa wa bure. Ila imepelekwa kwa nyuzi.

Na huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, Kirumba, Igombe, Kayenze, hadi visiwani Ukerewe na Kome, wapo wanaofukiza bado. Mtumbwi mpya unazindikwa kabla haujaonja maji. Dawa inafungwa kwenye wavu, nyingine inafukiwa kambini, na masharti yake yanashikwa kuliko amri kumi. Jumapili mtu huyo huyo anasimama kushuhudia kwamba Bwana ametenda.

Ushirikina hupenda kukaa mahali ambapo hatujauliza sababu. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu taa huwavuta pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa unamezwa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapumzika. Hilo kila mvuvi analijua, wala halimtii hofu. Lakini akipata ndoo mbili usiku wa giza alipotegemea kumi, hawazi upepo, wala mkondo, wala matundu ya wavu aliyoyaahirisha kuyashona tangu wiki iliyopita. Anawaza mtumbwi wa jirani aliyejaza.

Radi nayo ni hivyo hivyo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko, unapandisha hewa yenye unyevu, na mawingu mazito yanajengeka kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako kazini. Radi ya saa kumi usiku haihitaji mtu wa kuituma. Inahitaji nahodha aliyesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na jaketi okozi moja kwa kila kichwa, likiwa limevaliwa, siyo limekaliwa. Vivyo hivyo mwezi Julai samaki wakielea wamekufa: pepo za kusi huchanganya ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha yanapanda juu, na sangara hutangulia kufa kwa kuwa yeye huhitaji hewa nyingi kuliko wengi wao. Zaburi 148:8 inasema upepo wa dhoruba hulitenda neno la Bwana. Anayejua jinsi upepo unavyofanya kazi hajampunguzia Mungu kitu.

Tukitoka majini tuje sokoni, tena hapa tukae kidogo, kwa sababu akina mama wengi wa ushirika wetu wanaumia hapa. Kuna hofu ya chuma ulete, uchawi unaodaiwa kuvuta fedha ya mtu kwa siri. Fedha inaingia, jioni haipo. Mwingine anaweka ndimu kwenye kopo la fedha, mwingine hatoi chenji kwa mteja wa kwanza, mwingine anazikunja noti kwa namna yake. Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama amenunua gunia la dagaa wakavu kwa 200,000, akatarajia kuuza kwa kopo mpaka afikishe 260,000. Baada ya siku 6 gunia limeisha, mkononi ana 185,000. Zimepungua 75,000. Zimekwenda wapi?

Chai na chakula cha mchana, 3,000 kwa siku: 18,000. Bodaboda, 2,000 kwa siku: 12,000. Nyongeza ya kiganja kwa kila mteja, ambayo ikikusanywa inafika kopo moja katika kila makopo kumi: 26,000. Wateja wawili waliokopa na bado hawajalipa: 10,000. Mchango wa msiba: 5,000. Mifuko ya kufungia: 4,000. Jumlisha. Inatimia 75,000 bila jini hata mmoja, na bado hatujagusa mchanga uliokuja ndani ya gunia kwa kuwa dagaa walianikwa chini badala ya kwenye chanja.

Dawa yake ni daftari la safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa. Mtaji ukae kwenye mfuko wake, fedha ya kula kwenye mwingine, na mtaji usiguswe hata kwa mchango wa kanisa (mchungaji atatusamehe). Hesabu asubuhi kabla ya kufungua, hesabu jioni kabla ya kufunga. Nyongeza iendelee, ni ukarimu mzuri, ila ihesabiwe ndani ya bei. Wengi wanaanza daftari wakaliacha siku ya tatu kwa sababu wanaandika mauzo makubwa na kuacha yale madogo ya mia tano mia tano, kumbe uvujaji uko huko. Na daftari hilo lina kazi ya pili. Asiyejua alichopokea atashukuru nini? Atasema tu “Mungu ni mwema” kwa jumla jumla, huku moyoni akiamini ameibiwa.

Tena ubaya wa chuma ulete ni kwamba mwizi wake lazima awe mtu. Hofu haikai bila jina. Itatafuta shangazi, mke mwenza, mpangaji wa chumba cha pili. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa miaka na miaka jikoni pasipo dirisha, wakipikia mabua ya pamba na samadi kavu, wengine wakiugua trakoma isiyotibiwa. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mganga alimwahidi mtu samaki au dhahabu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Mkristo anayesema alikwenda kwa mganga “kuangalia tu” ndiye anayemweka mganga mjini.

Biblia inatuonyesha shukrani ikifanyika kwa namna nyingine kabisa. Fungueni Walawi 7:12–15. Sadaka ya shukrani inaambatana na mikate, isiyotiwa chachu na iliyotiwa, halafu kuna kanuni ngumu: nyama yake iliwe siku ile ile, isibakizwe hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari, aya ya 16, iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani, hapana. Andiko halitoi sababu, lakini piga picha nyumba yenye watu saba imechinja ng'ombe. Hawammalizi. Lazima waite watu, na watu wakija watauliza kuna nini, na mwenye nyumba atalazimika kusema Mungu amemtendea nini. Hirizi hufungwa ndani ya kitambaa, kiunoni, chini ya kizingiti. Ikijulikana inasemekana imeharibika. Shukrani isipojulikana ndiyo iliyoharibika.

Kumbukumbu la Torati 26 inaongeza maneno. Mtu anachukua malimbuko, anayatia kapuni, anamfikia kuhani, kisha anasimulia kwa kinywa chake: babu yetu alikuwa mtu wa kutangatanga karibu na kupotea, tukateswa Misri, tukalia, Bwana akasikia, akatuleta hapa, na tazama, nimeleta. Kisha anakula pamoja na Mlawi na mgeni. Someni aya ya 5 hadi ya 10 polepole: hamna ombi hata moja la mavuno yajayo.

Hapo ndipo wengi wetu tuliookoka tunanaswa. Tumeacha mganga, lakini tumeigeuza sadaka ya shukrani kuwa chambo. Elfu kumi leo ili Bwana arudishe laki. Stika ya mtumishi kwenye mtumbwi, chumvi mlangoni mwa duka, chupa ya mafuta ambayo ikisahaulika nyumbani mtu hawezi kufungua biashara. Mafuta yenyewe hayana kosa. Yakobo 5:14 inayataja, kwa ajili ya mgonjwa, pamoja na maombi ya wazee. Nyoka wa shaba pia alitengenezwa kwa agizo la Mungu, na watu walipona kwa kumtazama. Lakini 2 Wafalme 18:4 inasema Israeli waliishia kumfukizia uvumba, uvumba ule ule wa mvuvi wa Habakuki, na Hezekia akamvunja vipande vipande. Kwa hiyo kila mmoja ajiulize juu ya kitu chake: nikikikosa leo, je, nitaogopa? Kinachokutia hofu kwa kutokuwepo kimeshaanza kufukiziwa.

Habakuki mwenyewe anamaliza kwa hesabu ya hasara: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kondoo, ng'ombe, vyote havina kitu. Kisha 3:18: “Walakini nitamfurahia Bwana, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu.”

Kwa wiki hii, basi. Wenye daftari waandike kila jioni jambo moja lililopokelewa, kwa jina na kiasi: debe 3 za dagaa, mtoto aliyepona malaria, deni lililolipwa. Siku ambayo hakuna kitu, andika sifuri, kisha soma Habakuki 3:17–18 kwa sauti. Mwenye hirizi au dawa nyumbani asiiuze wala asimrithishe mtu. Wale wa Efeso, Matendo 19:19, walichoma vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha mbele ya watu wote. Ailete kwa wazee, ichomwe nje, upande ambao moshi hauendi kwa watoto. Wazee wasimuulize alipewa na nani wala alikuwa akimhofia nani. Jina likitajwa, lisiandikwe na lisirudiwe.

Jumamosi kila nyumba ipike kwa kadiri ilivyo nacho, hata kama ni ugali na dagaa, izidishe sahani mbili, na itaje alichokitenda Bwana kabla ya kunawa. Chakula kisilale. Kikibaki, mtoto apelekwe na bakuli kwa jirani, na nyumba yenye jirani inayemshuku ianzie kwake.